Je, Wajua? Chombo cha 1977 Bado Kiko Hewani

Je, wajua kwamba Voyager 1, chombo kilichofika mbali kuliko chochote alichowahi kutengeneza binadamu, ni mdogo wa CCM kwa miezi saba kamili? Chama kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, chombo kikarushwa kutoka Florida, Marekani, tarehe 5 Septemba mwaka huohuo. Abiria wanaoshuka kila asubuhi kituo cha Buguruni Chama hawana habari nacho, na chenyewe hakijaacha kutuma taarifa nyumbani.

Pacha wake, Voyager 2, ndiye aliyetangulia kuondoka, tarehe 20 Agosti. Aliitwa wa pili kwa sababu mwenzake alipewa njia fupi zaidi, na kweli alimpita kabla hawajafika sayari ya Mshtarii.

Voyager 1 inakwenda kilomita 17 kwa sekunde. Buguruni hadi Morogoro ni sekunde 11 hivi, foleni ya pale mataa ya Uhuru na Mandela tukiisamehe.

Je, wajua kwamba kuongea nayo kunataka subira ya siku mbili? Mawimbi ya redio hukimbia kwa kasi ya mwanga, na bado yanachukua zaidi ya saa 23 kufika. Novemba 2026 umbali huo unatimia siku nzima ya mwanga, yaani kama kilomita bilioni 25.9. Ukiiuliza "vipi hali?" leo saa mbili asubuhi, itakusikia kesho saa kama hiyo, na jibu utalipata keshokutwa.

Jibu lenyewe linakuja limechoka. Redio ya chombo hutangaza kwa wati 23 hivi, pungufu ya balbu ya kizamani ya wati 40. Gawa wati moja vipande bilioni moja, kisha kila kipande kigawe tena vipande bilioni moja. Kinachoingia kwenye dishi kubwa hapa duniani hakifikii kipande kimoja. Na spidi ya data ni biti 160 kwa sekunde. Picha ya megabaiti moja, ile unayoitupa kwenye kikundi cha WhatsApp bila kufikiri, ingechukua karibu saa 14.

Masikio ya kuisikia yako sehemu tatu: Goldstone huko California, Robledo karibu na Madrid, na Tidbinbilla karibu na Canberra, Australia. Yamepangwa hivyo ili dunia inapozunguka, dishi moja likizama jingine lipokee. Madishi makubwa yana upana wa mita 70. Lakini Voyager 2 imeelekea kusini mno, hivyo ni Canberra pekee inayoweza kuipa amri. Dishi hilo lilipofungwa kwa ukarabati Machi 2020, Voyager 2 ilikaa karibu mwaka mzima ikiripoti bila kuwepo wa kuituma kazi za kawaida.

Je, wajua kwamba Zanzibar nayo iliwahi kuwa na kituo cha kusikiliza anga? Kilikuwa Tunguu, kwa ajili ya mradi wa Marekani ulioitwa Mercury. John Glenn alipozunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, wataalamu waliokuwa Zanzibar waliongea naye kwa redio akipita juu. Wapo wanasiasa wa visiwani waliokipinga tangu mwanzo, wakihofia kuwa ni mambo ya kijeshi yamevishwa kanzu ya sayansi. Mapinduzi ya Januari 1964 yakaja, na mwaka huohuo kituo kikafungwa na mitambo ikaondolewa.

Kituo cha Malindi, Kenya, kilidumu. Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka pale setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ikapewa jina Uhuru, sawa na barabara yetu hii inayotoka Mnazi Mmoja kuja Buguruni. Darubini ya James Webb iliporushwa Desemba 2021, Malindi ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza kushika mawimbi yake.

Je, wajua kwamba Voyager 2 ina kasoro ya kusikia tangu mwaka 1978? Aprili mwaka huo redio yake kuu ya kupokea ilikufa. Ile ya akiba ikachukua zamu, kumbe nayo ina hitilafu: haiwezi kufuata masafa yanapohama, na masafa lazima yahame kwa sababu dunia na chombo vyote viko mwendoni. Tangu hapo wahandisi hupiga hesabu kabla ya kila amri ili mawimbi yafike kwenye masafa yaleyale finyu inayoyasikia. Hata joto la ndani ya chombo linaingia kwenye hesabu, maana likibadilika kidogo tu, masafa ya mpokeaji yanasogea. Sayari za Uranus na Neptune zilipigwa picha na chombo chenye kasoro hiyo.

Binadamu naye hukosea. Tarehe 21 Julai 2023 amri yenye kosa iligeuza antena ya Voyager 2 nyuzi 2 pembeni ya dunia. Nyuzi mbili tu, na mawasiliano yakakatika. Canberra ikapaza sauti kwa nguvu zake zote, ikasubiri saa 37, na tarehe 4 Agosti chombo kikarudi hewani.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Voyager 1. Novemba 2023 ilianza kutuma sifuri na moja zisizo na maana. Ilikuwa hai, inatii amri, ila haieleweki. Machi 2024 wahandisi wa maabara ya JPL huko California walifanikiwa kupata nakala ya memori ya kompyuta inayopanga data, wakaona ugonjwa: chipu moja, iliyobeba takriban asilimia 3 ya memori hiyo, imekufa. Fundi wa simu pale Mtaa wa Aggrey angejibu bila kuinua kichwa: IC imekufa, ng'oa, weka nyingine, flash. Huko hakuna mkono unaofika. Na kompyuta zote za chombo kwa pamoja hazifikishi kilobaiti 70 za memori, kwa hiyo hapakuwa na sehemu moja tupu ya kutosha kuhamishia programu zilizopotea. Wakazikata vipande, wakavibanza kila kona palipobaki nafasi, kisha wakasahihisha kila mahali palipotaja anwani ya zamani. Waandishi wengi wa programu zile walishastaafu au kufariki, hivyo makaratasi ya miaka ya 1970 yalifukuliwa na kusomwa upya. Sehemu ya kwanza ilitumwa tarehe 18 Aprili 2024, na tarehe 20 chombo kikasema maneno yanayoeleweka, mara ya kwanza baada ya miezi mitano. Kwangu mimi ule ni ufundi mkubwa kuliko kurusha roketi. Edward Stone, mwanasayansi mkuu wa mradi kwa miaka 50, aliwahi kuushuhudia. Alifariki Juni mwaka huohuo.

Umeme ndio utakaomaliza mambo. Unatokana na joto la plutoniamu, ulianza na wati 470 hivi, na hupungua kama wati 4 kila mwaka. Ndiyo maana vifaa vinazimwa kimoja kimoja. Kwenye Voyager 1 kimoja kilizimwa Februari 2025, na kwenye Voyager 2 kingine mwezi uliofuata. Mwezi huohuo wa Machi vijiroketi vya Voyager 1 vilivyohesabiwa kuwa vimekufa tangu 2004 viliamshwa, vikawaka.

Je, wajua kwamba kila chombo kimebeba sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu, yenye salamu za lugha 55? Kiganda kimo. Kiarabu kimo, Kigujarati kimo, ukitembea Kariakoo hadi Kisutu utazisikia zote mbili. Kiswahili hakimo. Si haki hata kidogo, na hakuna wa kukata rufaa kwake. Tumepata faraja mbili: wimbo wa wasichana wa Kongo, kutoka watu wa misitu, na picha ya Jane Goodall akiwa na sokwe wa Gombe, Kigoma.

Una bando? Tafuta ukurasa wa NASA unaoitwa DSN Now, unaoonyesha dishi lipi linaongea na nani saa hiyohiyo. Ukiona herufi VGR1 au VGR2, ndio hao.