Mlevi Amtafute Mwenzake

Twamjua baba ambaye mshahara wake huishia katika lutuku, na watoto wake hulala njaa. Ameapa mara nyingi kuacha. Aliapa peke yake, akaanguka peke yake.

Mwezi wa Mei 1935, mjini Akron, Marekani, Bill Wilson alisimama katika hoteli. Biashara yake ilikuwa imeharibika, na kelele za baa zilimwita. Hakuingia, alimpigia simu mchungaji mmoja, akaomba kuonyeshwa mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyokutana na daktari Bob Smith, wakaongea mpaka usiku. Daktari alikuwa amekwisha kusikia mawaidha mengi. Safari hii alimsikia mtu aliyeyajua maumivu yake. Mwezi wa Juni akaacha pombe kabisa. Hapo ndipo chama cha Alcoholics Anonymous kilipoanza.

Leo mikutano yake yapatikana katika nchi nyingi. Hakuna ada, sharti ni moja tu, nia ya kuacha kunywa.

Na pasipo mkutano karibu? Tumwulize Padri, au muuguzi wa dispensari: ni nani katika parokia yetu aliyeshinda pombe? Twende kwake leo, kabla ya kiu ya jioni. Wawili watosha kuanza.