Bima ya mgahawa: Mambo ya kujua kabla hujalipa

Mtungi wa gesi, jiko la mkaa, mafuta ya kukaangia na nyaya za umeme, vyote chini ya paa moja: ndivyo mgahawa ulivyo, na ndiyo maana uko karibu na moto kuliko biashara nyingi. Moto wa Soko la Kariakoo, Julai 2021, ulitukumbusha kwamba mtaji wa miaka mingi unaweza kuteketea usiku mmoja. Leo tunaeleza bima inamsaidia vipi mwenye mgahawa hapa Tanzania, na wapi inamwacha.

Bima ipi inalipa nini?

Bima ya moto hulipa jengo, meza, friji, majiko na akiba ya chakula vikiungua. Mafuriko na dhoruba mara nyingi huongezwa kwa makubaliano, kwa hiyo uliza kama vimo.

Bima ya wizi kwa kawaida hulipa pale mwizi alipovunja mlango au dirisha. Mfanyakazi akitoweka na mauzo ya siku, hiyo ni bima nyingine.

Bima ya dhima ni ya madhara kwa wateja. Mteja akiteleza kwenye sakafu yenye maji, au akiugua kwa chakula chako na kudai fidia, kampuni humlipa kwa niaba yako. Hakikisha mkataba unataja chakula waziwazi.

Kwa wafanyakazi, sheria inamtaka kila mwajiri ajisajili na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mpishi akiungua kazini, mfuko huo ndio unaomhudumia. Mchango hulipwa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi.

Umepanga? Usitegemee bima ya mwenye nyumba

Bima ya mwenye nyumba hulinda jengo lake. Sufuria, friji na viti vyako havimo. Na kama ulikopa benki ukakatwa fedha ya bima, uliza inalinda nini: mali yako, au mkopo wa benki tu?

Usipunguze thamani ya mali

Wengi hutaja thamani ndogo ili walipe ada ndogo. Hapo ndipo wanapoumia. Tuseme mali yako ni ya shilingi milioni 10, lakini umeikatia bima ya milioni 5. Moto ukiharibu vitu vya milioni 4, kampuni inaweza kukulipa milioni 2 tu, kwa sababu ulikata bima ya nusu ya mali. Nusu nyingine ya hasara ni yako.

Vilevile, sema ukweli wote. Kama paa ni la makuti, unapikia gesi ndani, au jirani anauza petroli, mweleze wakala. Ada inaweza kupanda, lakini ukificha, kampuni inaweza kukataa kulipa siku ya msiba.

Kabla na baada ya kulipa

Wakala lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Dai risiti na hati ya bima, kisha ihakiki kwenye mfumo wa TIRA MIS kupitia simu yako. Soma sehemu ya mambo yasiyolipwa, na kiasi ambacho wewe mwenyewe utachangia kila hasara inapotokea. Kama kuna neno hulielewi, wakala akueleze kabla hujatia saini.

Piga picha za vyombo vyako na stakabadhi za manunuzi, uzitume kwa ndugu unayemwamini. Simu ikiungua pamoja na mgahawa, ushahidi utabaki.

Moto ukitokea, piga 114, Zimamoto. Ukiibiwa, ripoti polisi. Kisha iarifu kampuni ya bima mara moja, na usifanye usafi au ukarabati kabla mkaguzi hajafika, isipokuwa kuzuia hasara isiongezeke. Wakikataa kulipa, omba sababu kwa maandishi. Usiporidhika, peleka shauri TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO).

Kama fedha hazitoshi kwa bima zote, anza na lile linaloweza kukufunga biashara kabisa. Kwa migahawa mingi, hilo ni moto. Sahani zilizovunjika utanunua nyingine. Jiko, friji na paa kwa mpigo mmoja ni vigumu.