Herufi pekee haziihifadhi lugha

Mwaka wa 1928 uliamua mengi kuhusu lugha mbili za Kiafrika. Mwezi wa Aprili, huko Rejaf, kusini mwa Sudan, watawala wa kikoloni na wamishonari waliteua lugha chache za kufundishia watoto, Kidinka kikiwamo, na wakaafikiana kuhusu herufi za kuziandikia. Mwezi wa Juni, mjini Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Leo Kiswahili hutahiniwa kote nchini Kenya, ilhali si ajabu kumkuta Mdinka msomi asiyeweza kuiandika lugha ya mamaye.

Je, ila ni ya lugha yenyewe? La hasha! Kidinka, lugha ya watu wanaojiita Jieng, ni ndugu wa Kinuer na, kwa mbali kidogo, Kijaluo. Lahaja zake ni nyingi: Rek upande wa magharibi, Agar katikati, Bor kusini-mashariki na Padang kaskazini. Huandikwa kwa herufi za Kirumi, zikiongezwa ŋ, ɣ, ɛ na ɔ. Irabu itamkwayo kwa pumzi nyingi huwekewa nukta mbili juu. Toni, ambayo huweza kubadili maana ya neno, kwa kawaida haiandikwi. Msomaji huitambua kutokana na muktadha.

Tofauti ilitokana na yaliyofuata. Kiswahili kilipata kamati ya lugha mwaka wa 1930, lahaja moja ya kusanifisha, vitabu na mitihani. Wadinka waliandikiwa vitabu katika lahaja mbalimbali, kwa kutegemea misheni ilipokuwa. Baada ya uhuru wa Sudan mwaka wa 1956, serikali ilieneza Kiarabu shuleni. Vita vya 1955 hadi 1972, na vya 1983 hadi 2005, vikawatawanya walimu na wanafunzi. Katiba ya Sudan Kusini ya 2011 inazitambua lugha zote za kienyeji kuwa lugha za taifa, lakini lugha rasmi ni Kiingereza.

Jambo hili latuhusu. Tangu 1992, watoto wa Kidinka wamesomea Kakuma, katika Turkana, kwa mtaala wetu. Mwalimu anayemkanya mtoto kwa kusema "kilugha" anakamilisha kazi iliyoanzwa na vita. Heri amwombe aandike ubaoni jina lake, pamoja na nukta zake mbili, kisha awafunze wenzake kulitamka. Mwacha asili ni mtumwa. Lakini anayemlazimisha mwenziwe kuiacha tumwiteje?