Safari za Nje na Maombi ya Uraia: Mambo ya Kuzingatia Parokiani



Katika ziara zetu za Kilosa na Mikumi, kamati za parokia zimetuuliza swali moja mara nyingi: "Mgeni wetu amekaa nasi miaka mingi, sasa anataka kuwa Mtanzania. Je, zile likizo za kwenda kwao zitamharibia?" Ni swali la maana. Wapo wauguzi, mafundi na watawa waliozeekea hapa na ambao wangependa kuzikwa hapa. Kosa dogo la hesabu linaweza kuwarudisha nyuma mwaka mzima. Kwa hiyo tumeona vema tulieleze jambo hili.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Uraia ya Tanzania Na. 6 ya mwaka 1995 inaweka masharti mawili ya ukaazi kwa mgeni anayeomba uraia wa tajnisi. Kwanza, awe ameishi nchini katika miezi 12 yote inayotangulia siku ya kuomba. Pili, katika miaka 10 iliyo kabla ya miezi hiyo 12, awe ameishi nchini kwa vipindi ambavyo jumla yake haipungui miaka 7.

Maana yake ni kwamba safari zinahesabiwa katika mafungu mawili tofauti. Katika ile miaka 10, mtu anaweza kuwa nje kwa jumla ya miaka 3 na bado akatimiza sharti. Katika mwaka wa mwisho hakuna nafasi ya namna hiyo.

Tuchukue mfano

Tuseme fundi aliyefika Mikumi mwaka 2012 alitaka kuomba tarehe 1 Julai 2025. Miaka yake 10 ilianza Julai 2014 na kuishia Juni 2024. Katika muda huo alikwenda likizo miezi 4, kisha miezi 6, na baadaye akakaa kwao miezi 14 akimuuguza mama yake. Jumla ni miezi 24, yaani miaka 2. Imebaki miaka 8. Hapo amepita.

Lakini tuseme pia kwamba mama alifariki Januari 2025, na fundi akakaa kwao hadi mwisho wa Aprili kushughulikia mambo ya familia. Sasa miezi 12 ya mwisho imekatika. Ni salama zaidi aanze kuihesabu upya aliporudi, na kuomba Mei 2026. Safari ile haijapotea. Imehamia katika fungu la miaka 10, ambako jumla yake ya kuwa nje inakuwa miezi 28. Bado anatimiza sharti la pili. Alichopoteza ni muda wa kungoja.

Naye aliyefika mwaka 2020 asidanganyike. Hata kama hajatoka nje siku moja, miaka 7 pamoja na miezi 12 inamfikisha mwaka 2028.

Ukaazi peke yake hautoshi

Mwombaji atatazamwa pia kama anajua Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, kama ana mwenendo mwema, mchango wake kwa taifa, na kama ana nia ya kuendelea kuishi hapa. Uamuzi ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Aidha, Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo atalazimika kuuacha uraia wa kwao. Jambo hilo liombewe na kufikiriwa kabla ya kujaza fomu.

Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake katika sheria hiyo hiyo. Mume mgeni wa mwanamke Mtanzania hana njia hiyo. Hufuata masharti tuliyoyataja.

Watoto wetu walio nje

Wazazi wa Kilosa wenye watoto Marekani nao wana swali lao. Kule, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu kwa kawaida husubiri miaka 5, na katika hiyo awe ndani ya nchi kwa angalau miezi 30. Safari moja inayozidi miezi 6 huleta mashaka juu ya ukaazi wake, na ya mwaka mzima au zaidi kwa kawaida huikata hesabu. Uingereza wanahesabu siku: kwa kawaida zisizidi 450 nje katika miaka 5, wala 90 katika mwaka wa mwisho. Kwa hiyo mtoto akisema hawezi kuja kukaa miezi 8, tusiharakishe kumhukumu kuwa amesahau nyumbani. Tukumbuke pia kwamba akipata uraia wa huko, wa Tanzania unamtoka.

Ushauri wetu kwa kamati

1. Kila mgeni aandike katika daftari tarehe ya kutoka na ya kurudi, kwa kila safari.
2. Pasipoti za zamani zisitupwe. Mihuri yake ndiyo ushahidi.
3. Hati ya ukaazi ihuishwe kabla haijaisha, hata kama mwenyewe yuko likizo.
4. Parokia itunze barua za kazi, taarifa za miradi na kumbukumbu za vikao zinazoonyesha alikuwepo.
5. Likizo ndefu ipangwe kabla ya miezi 12 ya mwisho kuanza. Wafadhili wanaomwita mtu nyumbani kwa mikutano wamuulize kwanza.
6. Kabla ya kuomba, apeleke hesabu yake Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa, Morogoro, aonyeshwe kama imekamilika.

Mgeni aliyechimba visima nasi na kuzika wafu wetu asikwame kwa sababu hakuna aliyeandika tarehe. Daftari hilo lianze sasa, kikao kijacho kisipite bure.