Chuma Usichokijua Usikiokote: Mabaki ya Zana za Kivita katika Ardhi ya Magharibi mwa Tanzania

Tarehe 8 Novemba, 2017, bomu la kutupwa kwa mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Wanafunzi watano walipoteza maisha na wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa. Bomu hilo lilikuwa limeokotwa na mwanafunzi aliyelidhania kuwa chuma chakavu cha kuuza, akafika nalo shuleni.

Msiba huo hutajwa mara nyingi kama jambo la mpakani, kwa kuwa Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, nchi zilizopitia vita katika miaka ya 1990. Hata hivyo, biashara ya chuma chakavu haina mpaka. Mtoto wa Tabora, Urambo au Kigoma anayeokota vyuma ili apate fedha ya daftari anaweza kukutana na kitu cha namna hiyo hiyo, na ardhi anayoikanyaga ina historia ndefu ya silaha.

Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe, na kuendelea Ujiji, ilibeba bunduki na baruti pamoja na nguo na shanga. Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe alipozidiwa na Wajerumani ndani ya ngome yake, alilipua ghala lake la baruti. Septemba 1916, majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yalipigana na Wajerumani kwa siku kadhaa kandokando ya mji, likiwamo eneo la Itaga, kabla ya kuingia Tabora tarehe 19. Baruti ya enzi za Isike ni jambo moja. Makombora ya mizinga ni jambo jingine, na umri wake usimpumbaze mtu.

Kombora lina sehemu mbili za msingi: kilipuzi kilichojazwa ndani, na fyuzi inayokiwasha. Likiwa ghalani, fyuzi hufungwa na vizuizi vya usalama. Likifyatuliwa, mshtuko na mzunguko wake angani huviondoa vizuizi hivyo ili lilipuke linapogonga shabaha. Likitua kwenye tope, kwenye mchanga au likikwama katika matawi, fyuzi yaweza isiguswe vya kutosha. Kwa sababu hiyo, kombora lililofyatuliwa likakataa kulipuka ni la hatari kuliko lile ambalo halijawahi kutoka ghalani: vizuizi vimekwisha kuondoka, na kilichobaki ni kuguswa tu. Kutu hailipunguzii nguvu. Kilipuzi cha TNT hudumu ardhini kwa miongo mingi, na baadhi ya vilipuzi vya zamani vyenye asidi ya pikriki hutengeneza chumvi zinazolipuka kwa urahisi zaidi vinapogusana na chuma.

Udongo nao hautulii. Katika mbuga za Tabora, udongo mweusi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na vitu vilivyozama huweza kupanda juu. Shamba lililolimwa miaka 10 bila tukio halijathibitishwa kuwa salama; jembe la mkono haliendi kina kimoja na trekta, wala trekta haliendi kina cha msingi wa nyumba. Moto wa kuandaa shamba la tumbaku au tanuri la mkaa huongeza hatari, kwani joto laweza kulipua kile ambacho jembe halikukifikia.

Maeneo ya mazoezi ya kijeshi yana hatari ya aina hiyo hiyo. Alama za mipaka huwekwa kwa sababu hii, na anayevuka kwa ajili ya malisho au kuni anaingia mahali ambapo makombora yamekuwa yakitua kwa miaka. Nchini Kenya, wafugaji wa Archer's Post na Dol Dol waliuawa na kujeruhiwa na mabaki katika maeneo yaliyotumiwa na Jeshi la Uingereza kwa mazoezi, wengi wao wakiwa watoto wachungaji. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa waathirika zaidi ya 200 pauni milioni 4.5. Fedha hizo zililipwa baada ya viungo kukatika, na haziwezi kulinganishwa na ardhi iliyosafishwa mapema.

Usafishaji wenyewe ni kazi ya taratibu. Kifaa cha kutambua chuma hulia kwa kila msumari na kila kizibo cha soda, na katika uwanja wa zamani wa vita kila mlio lazima uchunguzwe. Ndiyo maana shirika la APOPO, lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha panya buku kunusa TNT: panya hupuuza chuma kitupu, na uzito wake ni mdogo mno kulipua bomu la ardhini. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Cambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020.

Mwananchi anayeona kitu asichokifahamu asikiguse, asikitupe kisimani wala chooni, na asikibebe kukipeleka kituoni. Arudi kwa njia ile ile aliyojia, awazuie watoto na mifugo, kisha amjulishe mtendaji wa kijiji au Polisi kwa namba 112. Mara nyingi wataalamu hulipua kitu hicho pale pale kilipo, kwa hiyo wakazi huombwa kuondoka kwa muda. Wanunuzi wa chuma chakavu nao wanatakiwa kukataa kupima kitu chenye umbo la yai, chupa au bomba lenye mapezi, hata kama muuzaji ni mtoto anayedai amekiokota jalalani.