Uchaguzi wa Njia ya Kugeuza Aina za Vitu katika Lugha ya C++

Katika C++, kielekezi cha klasi ndogo hukubalika popote panapotakiwa kielekezi cha klasi kuu. Utata huanza katika kushuka. Programu ya benki yenye klasi kuu Akaunti, na klasi AkauntiYaAkiba na AkauntiYaMkopo zinazoirithi, inapopokea kielekezi cha Akaunti haina budi kujua kinaelekeza kwenye ipi.

Njia ya kwanza, static_cast, humsadiki mpangaji programu. Kompaila hukagua kuwapo kwa uhusiano wa urithi, basi. Mkopo ukigeuzwa kuwa akiba, hapana kosa litakalotangazwa. Sanifu ya lugha haiainishi kitakachotokea, na programu yaweza kuendelea kukokotoa riba kwa kuzisoma baiti za mkopo kana kwamba ni za akiba. Kosa hilo ni baya kuliko programu kuzimika, kwani huenda likagunduliwa na mteja kabla ya mkaguzi.

Njia ya pili, dynamic_cast, hukagua aina halisi wakati wa utekelezaji: kielekezi kisipolingana hurudisha nullptr, ilhali rejeo hutupa std::bad_cast. Gharama yake ni muda wa ukaguzi, na klasi kuu sharti iwe na angalau mbinu moja ya virtual.

Hoja ya kasi haitoshi kuhalalisha static_cast, isipokuwa pale aina ilipokwisha kuthibitishwa mistari michache juu. Hata hivyo, dynamic_cast zikirundikana, kasoro imo katika muundo: hesabu ya riba ingewekwa katika Akaunti kama mbinu ya virtual, kila klasi ikaiandika kwa namna yake, haja ya kugeuza ingeondoka.