Ushirikiano wa Tawala Jirani: Mfano wa Bukavu na Bonde la Ruzizi

1. Utangulizi

Mto Ruzizi huanzia Bukavu, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo liko chini kwa takribani mita 690. Katika safari yake mto huo ni mpaka wa Kongo na Rwanda, kisha, kwa sehemu kubwa, mpaka wa Kongo na Burundi. Mteremko wake ndio unaozalisha umeme unaotumiwa na nchi zote tatu. Makala haya yanaeleza jinsi dola hizo zilivyoungana katika kuutumia mto, na kwa nini muungano huo haujatosha kutatua tatizo moja lililo katika uwezo wa miji, komini na wilaya, yaani takataka.

2. Suala la istilahi

Nchini Tanzania, tawala zilizo chini ya serikali kuu huitwa "serikali za mitaa". Istilahi hiyo haihamishiki Bukavu bila maelezo. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inatambua tawala za aina nne zenye mamlaka yake zenyewe: mji, komini, sekta na himaya ya kimila. Mji wa Bukavu una komini tatu, nazo ni Ibanda, Kadutu na Bagira. Kabare, iliyo jirani nao, ni himaya inayoongozwa na mwami. Mtaa ni sehemu tu ya komini, wala hauhesabiwi miongoni mwa tawala hizo nne. Ng'ambo ya mto, kwa upande wa Rwanda, ngazi inayolingana na hizo ni wilaya, na wilaya inayopakana na Bukavu ni Rusizi. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia neno "tawala za mahali" kwa maana ya ngazi hizo zote kwa pamoja.

3. Ushirikiano wa dola

Kituo cha kwanza cha umeme, Ruzizi I, kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni wa Kibelgiji. Tarehe 20 Septemba 1976, Burundi, Rwanda na Zaire zilianzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ijulikanayo kwa kifupi cha CEPGL, makao yake yakiwa Gisenyi. Mnamo 1983 nchi hizo ziliunda shirika la umeme la pamoja, SINELAC, ambalo makao yake yaliwekwa Bukavu. Kituo cha Ruzizi II, chenye uwezo wa takribani megawati 44, kilianza kazi mwaka 1989. Msingi wake ni wazi: mali ni ya watu watatu, na umeme hugawanywa kwa watatu.

Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 na vita vilivyofuata Kongo, shughuli za CEPGL zilisimama, hadi ilipofufuliwa mwaka 2007. Hata hivyo, wazo la kuutumia mto kwa pamoja halikufa. Mradi wa Ruzizi III, unaokusudiwa kutoa megawati 206, umejengwa juu ya wazo hilohilo.

4. Pale mkataba unapoishia

Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Bukavu imejengwa juu ya vilima vyenye miteremko mikali. Mvua inaponyesha, taka zilizotupwa mabondeni na katika mto Kawa huchukuliwa hadi ziwani. Kutoka ziwani huvutwa na mkondo hadi kwenye milango ya Ruzizi I, kilomita chache tu kutoka mjini. Chupa na mifuko ya plastiki huziba njia za maji, na wapiga mbizi hulazimika kushuka ili kuzing'oa. Mnamo 2023 mmoja wa mitambo minne ya kituo hicho ulisimama kwa sababu hiyo. Hivyo, mkazi wa Kadutu asiye na mahali pa kutupia taka huweza, bila kukusudia, kuzima taa ya nyumba yake mwenyewe.

Haiwezi kusemwa kwamba sheria hazipo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kongo kwa agizo la Desemba 2017, na Burundi mwaka 2018. Tofauti imo katika utekelezaji, na utekelezaji huhitaji gari la taka, jalala, fedha na kiongozi anayewajibika kwa wakazi. Kwa miaka mingi mameya na viongozi wa komini za Kongo waliteuliwa kutoka juu. Madiwani wa komini za miji mikuu ya majimbo walichaguliwa kwa mara ya kwanza Desemba 2023. Kiongozi aliyeteuliwa na Kinshasa hutazama Kinshasa kabla ya kumtazama jirani yake wa Rusizi au Kabare.

Hapa mfano wa Ziwa Viktoria unafaa kutajwa. Tangu miaka ya 1990, halmashauri na manispaa za Kenya, Uganda na Tanzania zilizo kandokando ya ziwa hilo zilikuwa na umoja wao wenyewe, uliokutanisha wenye dhamana ya mitaro na majalala badala ya mawaziri peke yao.

5. Hitimisho

Mnamo Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Tukio hilo linaonyesha udhaifu wa ushirikiano unaotegemea amani kati ya miji mikuu ya nchi peke yake: amani hiyo inapovunjika, hakuna uzi mwingine unaobaki kati ya majirani. Lakini linaonyesha pia ugumu wa njia ya pili, kwa kuwa tawala za mahali haziwezi kuafikiana iwapo uhalali wa mojawapo unabishaniwa kwa silaha. Wakati huohuo taka zinaendelea kuteremka na maji, bila kuuliza nani anatawala kilima. Mkataba wa dola hugawa umeme. Usafi wa maji yanayouzalisha huamuliwa mtaani.